Robo ya tano: Testaccio, mtaa wa Roma uliojengwa juu ya mabaki

Ng'ombe akishachinjwa na kuchunwa hukatwa robo nne, na katika Roma ya zamani kila robo ilikuwa na mwenyewe. Wazee wa mji husimulia kwamba nyama bora ilikwenda kwa makabaila, iliyofuata kwa makasisi, ya tatu kwa wafanyabiashara wenye uwezo, ya nne kwa askari. Kichwa, ulimi, mkia, moyo, maini, figo, bandama, utumbo na miguu havikuwa na mnunuzi wa heshima. Waroma wakaviita robo ya tano.

Kwa wachinjaji na wachuna ngozi wa Testaccio, robo hiyo ilikuwa sehemu ya ujira. Mtu alimaliza zamu akiwa na fedha kidogo mfukoni na mkia au utumbo chini ya kwapa. Akaupeleka kwa mkewe, au kwa mwenye kilabu cha mvinyo aliyekuwa ng'ambo ya barabara, ambaye aliupika na kuwauzia wafanyakazi wale wale. Vyakula ambavyo leo watalii huvipangia foleni Roma vilianzia hapo, na mimi naamini haifai kuvisifu bila kuwataja watu waliovibuni.

Machinjio yenyewe bado yapo. Yalijengwa kati ya mwaka 1888 na 1891 kwa michoro ya Gioacchino Ersoch, msanifu wa manispaa, na yakafanya kazi hadi 1975. Juu ya lango kuu imesimama sanamu ya kiumbe mwenye mabawa akimlaza fahali chini. Ukiingia ndani, tembea polepole na utazame juu: reli za chuma zilizosafirisha mizoga kutoka banda hadi banda zimebaki mahali pake, na kulabu zake pia. Mazizi ya ng'ombe yapo. Siku hizi mabanda hayo yana kumbi za maonyesho ya sanaa na madarasa ya usanifu majengo ya Chuo Kikuu cha Roma Tre. Wanafunzi hupita chini ya kulabu hizo na mabegi yao mgongoni.

Kwa nini machinjio yakawekwa hapa? Jeshi la Italia liliiteka Roma tarehe 20 Septemba 1870, na mwaka uliofuata mji ukawa makao makuu ya nchi mpya iliyoungana. Serikali ilihitaji mahali pa shughuli zenye harufu, kelele na damu, mbali na wizara na balozi. Bonde la Testaccio, kusini mwa mji kando ya Mto Tiber, lilikuwa la mashamba ya mizabibu na bustani. Likachaguliwa.

Lakini Roma ilikuwa imeanza kutupa taka zake huko karne nyingi kabla. Ushahidi ni kilima kilicho mkabala na machinjio. Kwa mbali ni kilima cha kawaida, chenye majani na vichaka, kimo chake kama meta 35 na mzunguko wake karibu kilometa moja. Sogea karibu, pale mvua ilipomega ubavu wake, utaona kwamba udongo haupo. Ni vigae vitupu: vipande vya mitungi, shingo, vishikio na matako ya mitungi, vimepangwa tabaka juu ya tabaka.

Hapa jirani palikuwa na bandari ya mto na maghala makubwa ya Roma ya kale. Mafuta ya zeituni yaliletwa kwa mashehena, mengi kutoka kusini mwa Hispania, na mengine kutoka Afrika, katika pwani ambazo leo ni za Libya na Tunisia. Mtungi mmoja wa Hispania ulibeba lita 70 hivi, na mtupu ulikuwa na uzito wa kilo 30. Mafuta yalipenya ndani ya udongo na kuchacha, hivyo mtungi haukufaa kutumiwa tena. Ulivunjwa, ukarundikwa kwa utaratibu, kisha ukanyunyiziwa chokaa kuua uvundo. Wataalamu wanakadiria kwamba kilima hicho kimebeba mabaki ya mitungi milioni 53.

Kinachonishangaza zaidi ni maandishi. Mjerumani Heinrich Dressel, aliyeanza kukichunguza kilima hiki miaka ya 1870, alikuta vigae vimeandikwa kwa wino: uzito wa mtungi, uzito wa mafuta, jina la mfanyabiashara, wakati mwingine hata mwaka. Makarani wa bandarini waliandika hayo kwa kazi ya siku ile tu. Leo ni moja ya kumbukumbu kubwa za uchumi wa dola ya Kirumi.

Jirani na kilima kuna makaburi ya wasio Wakatoliki, yaliyoanza mapema karne ya 18 kwa sababu watu hao hawakuruhusiwa kuzikwa katika ardhi ya kanisa. Wamelala humo washairi Waingereza Keats na Shelley, na pia Antonio Gramsci, mwanafikra wa Kikomunisti aliyekufa mwaka 1937 baada ya miaka mingi mikononi mwa dola ya Mussolini. Mitungi mibovu, damu ya machinjio, wafu wa imani nyingine: vyote vililetwa upande huu.

Kisha wakaletwa watu. Nyumba za wafanyakazi zilianza kujengwa miaka ya 1880 na wawekezaji waliotaka faida ya haraka. Biashara ya majengo ikaporomoka kabla mtaa haujakamilika, na familia nyingi zikabanana katika vyumba vichache. Mwanazuoni Domenico Orano alilichunguza tatizo hilo kwa karibu, akapita nyumba kwa nyumba, na mwaka 1912 akachapisha kitabu kizima juu ya maisha ya watu wa Testaccio. Namhesabu miongoni mwa watu waliostahili sanamu kuliko yule fahali. Taratibu taasisi ya nyumba za umma, iliyoanzishwa 1903, ikajenga majumba bora yenye ua mpana katikati, ambamo watoto walicheza na majirani walijuana kwa majina. Mwaka 1929 klabu ya soka ya AS Roma ikafungua uwanja wake mtaani hapo, wenye majukwaa ya mbao, ikacheza humo hadi 1940. Hadi leo ukipita Testaccio siku ya mechi, njano na nyekundu zinaning'inia madirishani.

Ni katika mojawapo ya majumba hayo ya umma nilikokaribishwa mezani. Mama mwenye nyumba alikuwa amepika mkia wa ng'ombe kwa namna ya wachuna ngozi, coda alla vaccinara. Vipande hukaangwa hadi viwe vya kahawia pamoja na vitunguu na karoti, mvinyo humiminwa na kuachwa ukauke, halafu nyanya, na sufuria hubaki juu ya moto mdogo kwa saa nne au zaidi. Seleri huwekwa nyingi sana, karibu na mwisho, isije ikayeyuka. Wengine huongeza zabibu kavu, njugu za msonobari na kakao chungu kidogo. Msomaji Mwislamu ajue kwamba upishi wa zamani huanza na mafuta ya nguruwe na mvinyo haukosekani, basi aulize kabla ya kuketi.

Sufuria moja ilitoa milo miwili. Kwanza mchuzi ulichotwa ukachanganywa na tambi nene za bomba na jibini ya kondoo iliyokunwa. Tulipomaliza, mkia wenyewe ukaletwa, nyama ikiteleza mfupani, na mama akatuamuru tuweke uma chini tutumie vidole. Alisema mama yake alipika hivyo kwa sababu nyama ilikuwa kidogo na walaji wengi. Sisi Afrika Mashariki, tuliokua na supu ya mkia, utumbo na makongoro, hatuhitaji kufafanuliwa hesabu hiyo. Niliposema kwetu mkia huliwa asubuhi na chapati, alicheka, akataka kujua tunatia viungo gani.

Si kila chakula cha robo ya tano kilinusurika kwa urahisi. Pajata, utumbo wa ndama anayenyonya, hupikwa ukiwa bado na maziwa ya mama yake ndani, ambayo yakipata moto huganda kama jibini. Ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipozuka Ulaya, utumbo wa ng'ombe ulipigwa marufuku mwaka 2001. Wapishi wa Roma wakatumia utumbo wa mwanakondoo, wakisubiri. Marufuku iliondolewa 2015, na walaji wa Testaccio wakaipokea habari hiyo kama ushindi wao.

Ukipata nafasi ya kwenda, chagua Jumamosi, kwani kwa desturi ya Roma Alhamisi ni siku ya gnocchi, Ijumaa ya samaki na Jumamosi ya utumbo. Shuka kituo cha metro cha Piramide, pita ukuta wa makaburi, zunguka kilima, na uingie machinjioni kabla hujala chochote. Soko la mtaa, lililohamia mkabala na machinjio mwaka 2012, limejaa asubuhi. Waulize wauza nyama wazee nani katika familia zao alifanya kazi ndani ya lango lile. Wapo ambao bado wana la kusimulia, na wanapenda kuulizwa.