Wapelelezi wa Ziwa Tanganyika katika madarasa ya Fizi na Baraka

Ghuba ambayo mji wa Baraka umekaa kando yake inaitwa kwenye ramani Ghuba ya Burton. Richard Burton, Mwingereza ambaye jina lake lilibaki hapo, alipita sehemu hizi Aprili 1858, akiwa mgonjwa, amelazwa ndani ya mtumbwi. Ubwari, ulimi wa nchi kavu unaoikinga ghuba upande wa mashariki, aliuandika kuwa kisiwa. Mtoto wa mwaka wa pili wa shule ya msingi anayewaona wavuvi wakienda na kurudi Ubwari kila siku anaweza kulielewa kosa hilo kabla hajajua Uingereza iko wapi. Kwa hiyo mwalimu wa Fizi ana bahati ambayo wenzake wengi hawana: somo la wapelelezi linaanzia ufukweni, mahali ambapo watoto wanapajua.

Burton na mwenzake John Speke walifika Ujiji, ng'ambo ya ziwa, Februari 1858, wakitafuta chimbuko la mto Nile. Huko walisikia habari za mto mkubwa ulio kaskazini, Rusizi. Walitaka kujua jambo moja: mto huo unatoka ziwani au unaingia? Kama unatoka, huenda ndio mwanzo wa Nile. Kannena, mkuu wa Kawele pale Ujiji, aliwapa mitumbwi na wapiga makasia, wakavuka kupitia Ubwari na kufika Uvira tarehe 26 Aprili. Wana wa mtawala wa Uvira, Maruta, wakawaambia wazi kwamba Rusizi inaingia ziwani. Wapiga makasia waliogopa watu wa mdomo wa mto na wakakataa kuendelea, basi safari ikaishia hapo.

Jibu la vijana wale lilikuwa sahihi, lakini halikuheshimiwa. Mwaka 1864 Burton mwenyewe aliandika kinyume chake, akidai kwamba Rusizi inatoka ziwani. Ilibidi kungoja hadi Novemba 1871, David Livingstone na Henry Morton Stanley walipokutana Ujiji, kisha wakaenda kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa. Waliyaona maji yakiingia, kama walivyosema watu wa Uvira miaka 13 kabla. Mwaka 1876 Stanley alirudi akiwa na Lady Alice, mashua iliyotengenezwa kwa vipande na kubebwa mabegani na wapagazi kutoka pwani, akalizunguka ziwa lote kwa siku 51. Ndipo ramani za Ulaya zilipoanza kuuonyesha Ubwari umeungana na bara.

Nyuma ya majina haya walikuwepo watu wengine, na mtoto anayesoma hapa anastahili kuwajua. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akiwa mdogo, aliongozana na Burton na Speke, akamsaidia Stanley mwaka 1871, kisha akavuka bara zima hadi Atlantiki pamoja na Verney Lovett Cameron mwaka 1875. Uledi ndiye aliyeshika usukani wa Lady Alice. Chuma na Susi waliubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo mwaka 1874. Njia zote hizo zilikuwa tayari zimefunguliwa na misafara ya wafanyabiashara kutoka Unguja na Tabora. Misafara hiyo ilileta nguo, shanga na Kiswahili kinachosemwa leo Baraka, na ikaondoka na pembe za ndovu na watu waliofungwa.

Namna ya kufundisha habari hizi imebadilika pamoja na dola. Chini ya Wabelgiji, kuanzia 1908 hadi 1960, shule za Kongo zilikuwa karibu zote mikononi mwa misheni, na Stanley alisomwa kama shujaa aliyetangulia mbele ya Mfalme Leopold II. Baada ya uhuru mambo yaligeuka. Mwaka 1966 Stanleyville ikawa Kisangani na Albertville ikawa Kalemie. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, na sanamu ya Stanley iliyosimama juu ya kilima Kinshasa ikaondolewa. Jina la Burton kwenye ghuba ya Baraka halikuguswa.

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa na za mazingira nafasi ya kufundishia katika shule ya msingi. Kwa watoto wa Fizi, ambao wengi nyumbani husema Kibembe, hiyo ni nafuu kubwa: habari za ziwa zinaweza kuelezwa kwa maneno ya ziwani kabla ya Kifaransa. Mtoto wa miaka sita au saba hana haja ya kukariri tarehe. Miaka mia na zaidi kwake ni kitu kisichoshikika, ila maji anayajua. Mto Mutambala unamwaga maji yake ziwani karibu na Baraka. Darasa likipelekwa kwenye mdomo wake na kutupa jani majini, swali lililowasumbua Burton na Speke linajibiwa mbele ya macho. Kisha ziwa linachorwa mchangani kwa kijiti: Ujiji ng'ambo, Uvira juu, Ubwari katikati, na mwalimu anawauliza nani alipiga kasia, nani aliyatafsiri maneno, nani aliyewapa wageni chakula. Mtoto ambaye baba yake ni mvuvi ana mengi ya kusema hapo.

Yaliyo mazito yana wakati wake. Mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, ambayo Livingstone aliyashuhudia, hayamfai mtoto wa mwaka wa kwanza. Utumwa anaweza kuambiwa kwa ukweli na kwa ufupi, kwamba watu walichukuliwa kwa nguvu na kwamba ilikuwa dhuluma. Madarasa ya juu ndiyo yatasoma jinsi Stanley, kuanzia 1879, alivyofanya kazi kwa Leopold, na jinsi mikataba iliyowekwa saini na watawala wasiojua maana yake ilivyogeuka kuwa hati za kumiliki nchi katika Dola Huru ya Kongo ya mwaka 1885.