Goweko na Njia ya Merikebu za Tanganyika

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa gari moshi la Reli ya Kati, akiisha kuiacha Itigi nyuma na kulipenya pori refu la miyombo lililo mpakani mwa Ugogo na Unyamwezi, huipita Tura, kisha Malongwe na Nyahua, na baadaye huwasili Goweko, stesheni ndogo iliyo mashariki ya Tabora. Hapana bahari hapo wala ziwa, na makorongo yake aghalabu hukauka kabla kiangazi hakijafika nusu. Hata hivyo, mtu akitaka kuandika tarikhi ya safari za majini za upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, zile ambazo leo humchukua mgeni kwa boti kutoka Kigoma akawatazame sokwe wa Gombe na kuonana na Waha na Wamanyema wa mwambao ule, itampasa aanzie katika nchi hii kavu, maana chombo mashuhuri kuliko vyote vya ziwa lile kilipita hapa kikiwa vipande vipande.

Kabla ya reli ilikuwapo njia ya misafara. Wapagazi waliotoka Bagamoyo, wakiisha kutoa hongo kwa watemi wa Ugogo na kuvuka Mgunda Mkali, nyika iliyoogopwa kwa uhaba wa maji, walishusha pumzi walipofika Tura, kwani hapo ndipo ulipoanza Unyamwezi. Mbele yao zilibaki Rubuga na Kigwa, kisha Kwihara na Tabora kwenyewe. Tura na Kigwa zingalipo, na pamoja na Goweko zimo katika wilaya moja ya Uyui. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walipopita mwaka 1857 waliikuta Rubuga imestawi. Mwenzao Stanley alipokuja mwaka 1871 aliikuta magofu, kwa sababu katika miaka ya 1860 Manwa Sera, mtemi wa Unyanyembe aliyeondolewa madarakani, alikuwa amepigana na Waarabu vita virefu, na vijiji vya njiani ndivyo vilivyolipa gharama. Vita viliisha, na mizigo ikaendelea kupita: merikani, kaniki na shanga zikienda bara, pembe za ndovu zikirudi pwani, mabegani mwa vijana wa Kinyamwezi ambao kwao kwenda pwani na kurudi kulikuwa ndiko kuupata utu uzima.

Huko ziwani, safari ya kwanza ya wageni kuelekea kaskazini iliyoandikwa vitabuni ni ile ya mwaka 1858, Burton na Speke walipopanda mitumbwi Ujiji wakaambaa na ufuo mpaka Uvira, wakitaka kujua kama mto Rusizi huingia ziwani au hutoka, kwani lau ungalitoka, huenda ungalikuwa ndio chanzo cha Nili. Waliambiwa na wenyeji kwamba huingia. Lakini mwenye mitumbwi, Kannena, alikataa katakata kuwafikisha mdomoni mwa mto, wakarudi bila kuuona kwa macho. Mnamo Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliazima chombo cha Said bin Majid, Mwarabu wa Ujiji, wakafuata ufuo ule ule na kuushuhudia Rusizi ukimwaga maji yake ziwani. Katika safari zote mbili alikuwamo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani mpaka Bara Hindi, na mimi huona ajabu kwamba mtu huyu, aliyekwenda mara mbili pale ambapo kila mmoja wa mabwana wake alifika mara moja, hutajwa kama mtumishi tu. Wapiga makasia wa Ujiji, ambao jambo hilo la Rusizi halikuwa siri kwao hata siku moja, hawatajwi kabisa.

Wamisionari wa London walileta mashua ya chuma, Morning Star, ikiwa imegawanywa vipande; vilikokotwa kwa mikokoteni toka pwani hadi Ujiji, ikafika mwaka 1883. Lakini hiyo ilikuwa mashua tu. Reli ya Wajerumani, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa reli hiyo ndipo ilipopita merikebu ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku yapatayo 5,000. Masanduku hayo, yakiwa na mabamba ya chuma na vyombo vya mitambo ya meli yenye urefu wa mita 70 hivi, yalipita Goweko katika mabehewa, mahali ambapo miaka michache nyuma palipita pembe mabegani mwa watu. Meli iliungwa upya Kigoma ikashushwa majini mwaka 1915. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wenyewe, wakikimbia, waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, mitambo ikiwa imepakwa grisi ili isile kutu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mwaka 2015 meli hiyo hiyo, iliyoundwa kwa tamaa ya dola iliyokwisha kutoweka, ndiyo iliyowatoa wakimbizi wa Burundi waliokwama ufuoni Kagunga na kuwafikisha Kigoma.

Baina ya Kigoma na Kagunga ndipo ilipo Gombe, iliyokuwa pori la akiba mwaka 1943 na hifadhi ya taifa mwaka 1968. Jane Goodall alishuka pale kutoka mashuani Julai 1960, na katika mwaka huo huo akaona sokwe wakivua mchwa kwa vijiti. Barabara ya gari haipo. Atakaye kwenda hupanda boti ya kukodi, au, kama hana haraka wala makuu, boti za mbao za abiria ziendazo Mwamgongo na Kagunga, ambamo hukaa kando ya magunia ya muhogo, madumu ya mawese na akina mama warudio sokoni. Hiyo ya pili ndiyo ningemshauri mgeni. Sokwe atawaona vivyo hivyo, na zaidi ya hayo atasikia habari za mgebuka na kuhe, na za dagaa wanaovuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi. Ajapo kwa gari moshi badala ya ndege, ataipita na Goweko, kwa njia ile iliyopitwa na meli.