Madaktari Walioacha Ubingwa kwa Ajili ya Anga

Nchini Marekani daktari husoma chuo cha tiba kwa miaka minne, hufanya mafunzo kwa vitendo kwa mwaka mmoja, kisha huingia katika mafunzo ya ubingwa ambayo kwa upasuaji wa kawaida huchukua miaka mitano tangu alipohitimu. Shirika la anga la nchi hiyo, NASA, haliendi kwa kalenda ya hospitali. Hutangaza nafasi linapohitaji watu, wakati mwingine baada ya kimya cha miaka mingi, na anayeitwa huitwa alipo. Ndiyo maana baadhi ya madaktari waliofika anga za juu waliaga wodi wakiwa bado chini ya usimamizi wa mabingwa.

Daktari wa kwanza kufika huko alikuwa Msovieti. Boris Yegorov alihitimu Moscow mwaka 1961, na tarehe 12 Oktoba 1964 alipaa na chombo Voskhod 1 pamoja na rubani Vladimir Komarov na mhandisi Konstantin Feoktistov. Watu watatu walibanwa mahali palipobuniwa kwa ajili ya mmoja, hata mavazi ya kujikinga na ombwe hayakuwa na nafasi. Baada ya siku moja tu walikuwa wamerudi ardhini, na Yegorov akaendelea na utafiti wa tiba bila kupaa tena.

Marekani ilianza kuchukua wanasayansi mwaka 1965. Katika sita wa kwanza walikuwamo madaktari wawili, Duane Graveline, aliyejiuzulu baada ya miezi michache, na Joseph Kerwin wa jeshi la majini. Kerwin alikaa siku 28 katika kituo cha anga cha Skylab mwaka 1973, akiwapima damu na mioyo wenzake. Hata hivyo, kazi yake iliyookoa kituo haikuhusu tiba: tarehe 7 Juni alitoka nje na Charles Conrad kukata kipande cha chuma kilichokuwa kimezuia bawa la umeme wa jua lisifunguke. Jambo hilo lingejirudia mara nyingi. Daktari huteuliwa kwa sababu ya elimu yake, halafu akifika angani hushikishwa kazi ya fundi.

Mwaka 1967 waliteuliwa wanasayansi 11 wengine, wakati ambapo bajeti ya safari za Mwezini ilikuwa imeanza kupunguzwa. Wenyewe walijitania kuwa ni kundi la ziada, na hawakukosea. Mmoja wao, Story Musgrave, alikuwa amepata shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1964, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo ya upasuaji Lexington, Kentucky, kisha akageukia utafiti wa fisiolojia. Hakuendelea hadi ubingwa. Alichokipata badala yake kilikuwa kungoja kwa miaka 16, hadi Aprili 1983, alipopaa na chombo Challenger. Katika muda huo alirusha ndege za jeti, alishiriki kuandaa vifaa vya kazi za nje ya chombo, na alifanya zamu hospitalini Denver ili mikono isisahau kazi. Hatimaye alisafiri mara sita, na Desemba 1993 alikuwa miongoni mwa waliotoka nje kuitengeneza darubini ya Hubble.

Kundi la 1978 ndilo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi mafunzo yalivyokatizwa. Walikuwa watu 35, wakiwamo wanaanga wanawake wa kwanza wa NASA, na madaktari watatu. Norman Thagard, aliyekuwa rubani wa vita Vietnam kabla ya kusoma tiba, alikuwa katikati ya mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo South Carolina. Rhea Seddon alikuwa amefanya miaka mitatu ya ubingwa wa upasuaji Memphis. Iliyobaki hakuimaliza, ingawa aliendelea kufanya kazi katika vitengo vya dharura vya eneo la Houston. Anna Fisher alikuwa ametoka tu kumaliza mwaka wake wa vitendo California. Mumewe William, daktari pia, aliomba pamoja naye akakataliwa, kisha akakubaliwa mwaka 1980.

Seddon na William Fisher walikuja kukutana katika kazi moja kwa namna ya ajabu kidogo. Aprili 1985 setilaiti iliyoachiwa na chombo Discovery haikuwaka, na Seddon, akiendesha mkono wa mashine, alijaribu kuivuta swichi yake kwa vifaa vilivyoungwaungwa palepale chomboni. Setilaiti haikujibu. Agosti mwaka huohuo Fisher alitoka nje pamoja na James van Hoften wakaitengeneza.

James Bagian aliitwa mwaka 1980 akiwa katika ubingwa wa dawa za usingizi Pennsylvania. Yeye alikumbukwa kwa tiba hasa: mwaka 1989 alimchoma mwenzake sindano ya promethazini, na tangu hapo sindano hiyo ikawa tiba ya kawaida ya kichefuchefu cha angani. Mae Jemison, aliyeteuliwa 1987, hakuingia kabisa katika ubingwa. Akiwa mwanafunzi wa tiba alifanya kazi na madaktari wanaosafiri kwa ndege Afrika Mashariki, na baada ya mwaka wa vitendo alihudumu Sierra Leone na Liberia. Alipaa na chombo Endeavour Septemba 1992, mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani.

Kisa kimoja cha karibuni ni cha Jonny Kim, askari wa zamani wa kikosi maalumu cha majini. Alihitimu udaktari Harvard mwaka 2016 na alikuwa katika mafunzo ya tiba ya dharura Boston alipochaguliwa Juni 2017, mmoja wa 12 kati ya waombaji zaidi ya 18,000. Alipaa kwenda kituo cha anga cha kimataifa Aprili 2025 na kurudi Desemba. Kwa NASA, ubingwa usiokamilika si kasoro: shahada ya udaktari inatosha kama elimu, na muda uliotumika katika mafunzo ya ubingwa huhesabiwa kuwa uzoefu wa kazi. Kituoni kwenyewe, matibabu ya kila siku hukabidhiwa mwanaanga yeyote aliyepewa mafunzo mafupi ya tiba, huku madaktari wa NASA walioko Houston wakimwelekeza kwa redio.