Programu ilianza kwenye karatasi

Wandugu, wengi wanasema hawawezi kujifunza kuandika programu juu ya kukosa kompyuta. Historia inasema tofauti. Mwaka 1843 Ada Lovelace wa Uingereza alichapisha hatua za hesabu kwa mashine ambayo haikumalizika kujengwa. Hata miaka ya 1950 na 1960 watu waliandika kwanza kwenye karatasi, wakatoboa kadi, halafu wakasubiri zamu ya mashine. Kusubiri zamu, sisi wa Dzaleka tunakujua.

Kambi yetu ilifunguliwa 1994, mahali palipokuwa gereza. Mwaka 1987 Malawi iliingia Mkataba wa Wakimbizi, lakini ikaweka masharti kuhusu kazi na kutembea. Kuyabadilisha ni kazi ya wakubwa wa Capital Hill kule Lilongwe. Ila programu inaweza kutoka kambini hata kama mwenyewe hatoki. Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, alianzisha TakenoLAB hapa hapa, na vijana wakajifunza.

Anza na Python, iliyotoka 1991. Chukua daftari. Ukiandika umri = 17, umetengeneza sanduku lenye jina. Neno if linauliza swali, for linarudia kazi. Mstari ulio chini yake usogeze ndani, la sivyo programu itakataa. Pitia mstari kwa mstari kama wewe ndiye mashine. Ukifika kwenye kompyuta na ikatoa kosa, soma mstari wa mwisho kwanza.

Jaribu hii: programu ya kugawa kilo za unga kufuatana na idadi ya watu nyumbani. Iandike leo, tuipitie pamoja.