Masikio ya Mtoto: Tulikotoka na Tulipo Leo

Leo tuongee juu ya masikio.

Zamani huku Ukambani mtoto asiyesikia alichelewa kutambuliwa. Akiitwa asigeuke, alionekana mkaidi, akachapwa. Akifika miaka minne bila kuongea, mama aliambiwa angoje tu. Wengi hawakuingia darasani hata siku moja.

Mwaka 1958 kiliundwa chama cha kuwatetea watoto viziwi wa Kenya. Mwaka 1961 shule zao zilifunguliwa Nyang'oma na Mumias, upande wa magharibi. Mfikirie mama wa Mwingi au Kibwezi wakati huo: shule ilikuwa mbali mno.

Mwaka 1984, kwa msaada wa Denmark, vilianzishwa vituo vya kupima watoto wenye ulemavu, tunavyoviita EARC, navyo vikaenea wilayani. Sasa mzazi alipata pa kuuliza. Lakini mara nyingi mtoto alifika huko masikio yakiwa yameshaharibika.

Kinga ilikuja kupitia chanjo. Mpango wa taifa ulianza mwaka 1980, na surua ikiwemo. Mwaka 2011 ikaongezwa chanjo ya nimonia, na mwaka 2016 ya surua na rubela pamoja. Surua na homa ya uti wa mgongo huharibu masikio. Rubela ikimpata mama mjamzito, mtoto aweza kuzaliwa kiziwi. Shirika la Afya Duniani lasema karibu asilimia 60 ya visa vya watoto kupoteza kusikia vinaweza kuzuiwa. Kwa hivyo, mama, usiruke tarehe ya kliniki.

Je, utajuaje kuna shida? Mtoto mchanga hashtuki kwa kishindo. Wa miezi sita hageukii sauti yako. Wa mwaka mmoja na nusu hasemi neno. Au sikio latoa usaha. Usitie mafuta, unyoya wa kuku wala kijiti cha kiberiti. Mpeleke zahanati. Akiwa ameugua uti wa mgongo, omba apimwe masikio mara tu apatapo nafuu.

Ukipewa barua ya rufaa kwenda Kitui mjini au Wote, nenda, na ujue haki yako. Mpimaji mzuri hukusikiliza kwanza, kwa kuwa wewe ndiwe unayemjua mtoto. Hutazama ndani ya sikio kama kuna nta au usaha kabla ya kupima. Hukueleza majibu kwa lugha unayoielewa, hata kama ni Kikamba. Akimpa mtoto kifaa cha kusikia, hukuonyesha jinsi ya kukisafisha na kubadilisha betri, kisha hukupa tarehe ya kurudi. Asipofanya hivyo, uliza. Kuuliza si kukosa heshima.

Mama wa 1958 hakuwa na wa kumuuliza. Wewe unaye. Usingoje mtoto afike miaka minne.

Kwaheri, hadi kipindi kijacho.