Moto Uliofichika Mwilini

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji ilibeba nguo, pembe na watumwa. Ilibeba na maradhi pia. Tarehe 7 Novemba 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, waliingia Kaze, ndipo Tabora ya leo, wakakirimiwa na wafanyabiashara wa Kiarabu, miongoni mwao Snay bin Amir. Kutoka hapo walishika njia ya Ujiji, hali Burton miguu imepooza, na Speke macho yamevimba asione vyema ziwa walilolifuata.

Mwezi Machi 1858, Speke akiwa safarini ziwani, dundu mdogo mweusi alimwingia sikioni. Akatia siagi iliyoyeyushwa, haikufaa. Akachokoa kwa kisu. Mdudu akafa, lakini sikio likajeruhika. Uso ukavimba, tezi zikafura hadi begani, akashindwa kutafuna, akaishi kwa mchuzi. Vipande vya mdudu vilitoka baada ya miezi.

Ndugu msomaji, lizingatie hili. Jeraha lilikuwa sikioni, na taabu ikawa ya mwili mzima. Matabibu wa kale, na Ibn Sina katika Kanuni yake, waliujua uvimbe huu wenye joto na maumivu, uitwao mchochota. Lakini upo mchochota mwingine usioonekana kwa jicho.

Mwaka 1930, huko New York, Tillett na Francis waligundua katika damu ya wagonjwa wa kichomi protini ambayo leo huitwa CRP. Hiyo huzidi mwili unapowaka ndani. Mwaka 1943 Kolff, tabibu wa Uholanzi, alianza kuwasafisha damu kwa mashine watu ambao mafigo yao yameshindwa kazi. Wengi wamepata uhai kwa sababu hiyo, lakini ikadhihirika kwamba maradhi ya moyo ndiyo yanayowaua zaidi. Mwaka 1999 wataalamu wa Ujerumani walionyesha kuwa wagonjwa hao wenye CRP nyingi hufa zaidi, hasa kwa moyo.

Je, tuishushe CRP tu, basi? La. Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 2,776 wa mashine, waliogawanywa, nusu wakapewa dawa ya rosuvastatin. Mafuta ya damu yakapungua na CRP ikapungua, lakini vifo na mishtuko ya moyo havikupungua. Moshi si moto. Mwenye kupepea moshi hajazima kitu.

Basi enyi wenye wagonjwa majumbani, utafuteni moto wenyewe. Mpira wa kusafishia damu usishikwe kwa mikono michafu. Ufizi unaotoka damu na kidonda cha mguu visidharauliwe. Mgonjwa akitetemeka kwa baridi au akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Siku ya mashine isikoswe, na chumvi na maji vinywewe na kuliwa kwa kipimo cha daktari. Mwili ni amana, na amana hulindwa kabla haijaharibika.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.