Diski ya filamu inabeba kiasi gani? Historia fupi

Leo tuongee historia ya diski za filamu, juu wengi tunazinunua bila kujua zinabeba nini.

Kwanza zilikuwa kaseti za VHS. Kule Dar es Salaam, Derek Mukandala, yaani Lufufu, alitafsiri filamu za nje kwa Kiswahili, watu wakatazama kwenye vibanda vya video. Mwaka 1993 ikaja VCD. Ilibeba kama dakika 74 tu, ndiyo maana filamu moja ilikuwa diski mbili. DVD ilitoka Japani mwaka 1996: GB 4.7 kwa tabaka moja, GB 8.5 kwa mawili.

Mwaka 2006 makampuni yakashindana. Toshiba ilileta HD DVD, GB 15 kwa tabaka. Sony na wenzake wakaleta Blu-ray, GB 25 kwa tabaka, 50 kwa mawili. Februari 2008 Toshiba ikaacha. Leo diski za 4K zinafika GB 100.

Ajabu ni kwamba zote zina upana uleule, sentimita 12. Tofauti iko kwenye mwanga. DVD inasomwa na leza nyekundu ya nanomita 650, Blu-ray na leza ya bluu-zambarau ya nanomita 405. Ni kama kalamu: ncha ikiwa nyembamba, maneno mengi yanaingia kwenye ukurasa uleule.

Sasa ukiona diski imeandikwa "HD, filamu 10", piga hesabu. Kama ni DVD ya GB 8.5, kila filamu inapata GB 0.85. Filamu moja ya HD kwenye Blu-ray mara nyingi inapita GB 20. Basi hiyo picha imebanwa sana. Angalia alama: DVD au BD, na DL maana yake matabaka mawili. Halafu iweke kwenye kompyuta yenye mashine ya kuisoma, utaona ukubwa wake.

Hii si mambo ya sinema tu. Wengi wetu tuna video za harusi na za wazee tuliowaacha Uvira au Fizi. Video ya GB 12 haiingii kwenye DVD ya GB 4.7 bila kupunguzwa, na kilichopunguzwa hakirudi. Kabla ya kulipa, muulize fundi: diski hii ni ya GB ngapi? Na ile video ya kwanza usiifute, hata ukishapewa diski. Sura ya bibi yako haiuzwi sokoni.